Kamba ya Kutoka Mlangoni

Rama mwanangu,

Jirani yetu Nnalongo amekupeleka kwa kinyozi, na kwa kuwa ni Jumamosi najua mtakaa huko mpaka jua lipungue. Leo mtaa mzima wa Nateete unanyoa. Mimi nimekaa juu ya begi lako. Zipu ilikataa kufunga mpaka nilikalie, ikafunga, na tangu hapo sijanyanyuka. Kesho alfajiri Shangazi Mariamu atakuja na gari akuchukue, mwende Entebbe, na kutoka Entebbe mwende Kanada, kwenye ile nchi ya nyasi ambayo wewe na mimi tunaijua kwa vitabu kuliko tunavyoijua Jinja.

Sitaandika habari za sweta wala za kupiga mswaki. Shangazi ana mdomo, atakuambia. Nina jambo moja tu, na hilo nimeshindwa kulisema.

Wewe unaamini kwamba nitakufuata. Unaamini nitakuja nyasi zikianza kuota, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyekutia hayo kichwani. Siji, Rama. Nimejaribu kukuambia wiki nzima. Juzi tukila, jana nikipiga pasi shati lako, mdomo ulifunguka kabisa, nikajikuta nakuuliza kama umeshiba. Asubuhi hii nilipofungua begi nikakuta umetia vikombe viwili na viatu vyangu vyeusi vya shule. Nilivitoa viatu. Vikombe nimeviacha.

Unanijua nilivyo. Dukani nasimama mpaka wote wahudumiwe, kisha muuzaji anashtuka: "Kumbe wewe uko hapo?" Wengine wanadhani ni maringo. Nilipokuwa mdogo sikuwa hivi sana. Niliishi Kenya kwa Kukhu, mama yake Mama, karibu na mpaka, na shuleni kwao nilisoma kwa Kiswahili, nikashinda hata mashindano ya kukariri. Nilipoletwa Kampala niliingia darasani nikamwambia mwalimu, "Shikamoo, mwalimu, naomba ruhusa niende msalani," na darasa zima likaanguka chini kwa kicheko. Kwao Kiswahili kilikuwa cha askari na cha wezi, na hapa kinakuja na kitoto chenye soksi nyeupe. Kiingereza changu nacho kilikuwa bado kinatambaa. Basi nikawa mtu mwenye lugha mbili na hana hata moja ya kufungulia mdomo. Nikanyamaza. Nikaona kunyamaza hakuna makosa ya sarufi.

Lakini kuna siku moja nilisema. Hiyo unaijua, kwa sababu Kukhu hachoki kuisimulia. Mama alipofariki ulikuwa bado hujaota jino. Baba alikubali azikwe kwao. Kwa kina Kukhu kuna desturi: mtoto mchanga aliyefiwa na mama harudi nyumbani kutoka kaburini mpaka mtu mmoja amwite "mwanangu" mbele ya watu, na akishaita ameita. Udongo ulikuwa umesharudishwa. Mama zetu wadogo wakatazamana. Mmoja alikuwa na wanne, mwingine alikuwa ameolewa juzi tu. Jua lilikuwa kali na wewe ulikuwa unalia kwa sauti ile ya kukatika. Nikasema, "Mwanangu." Nilikuwa na miaka tisa, Rama. Nilidhani nimekuambia unyamaze. Kukhu akanigeukia, akakutoa kwa aliyekubeba, akakuweka mikononi mwangu, akasema, "Basi. Twendeni nyumbani."

Ukweli ni kwamba Nnalongo ndiye aliyekuogesha, na Baba ndiye aliyekununulia maziwa. Mimi nilikuwa na lile jina tu. Ulipoanza kusema ukaniita Mama Zai, na watoto wa uani wakacheka, na mimi nikaona aibu nikakukataza mbele za watu. Siku moja ulianguka pale bombani, goti likapasuka, ukaniita, nami nilikuwa nimesimama na wasichana wa darasa langu. Sikugeuka. Ulikuja mwenyewe na goti lako ukakaa karibu na miguu yangu, hukuniita tena. Sijui kama unakumbuka. Ningefurahi kama hukumbuki.

Halafu vikaja vitabu.

Baba alikuwa ameshaacha upolisi, uliowahi kumpeleka Karamoja kule kaskazini, akawa mlinzi wa lango kwenye nyumba ya wageni huko Mengo. Mgeni mmoja aliondoka akaacha boksi. Baba akalibeba kichwani mpaka hapa, akalitua, akatoa kitabu cha juu, kile cha kijani, akakiangalia jalada muda mrefu.

"Hii ni Karamoja," akasema. "Ona nyasi. Ona ng'ombe. Lakini huyu anayechunga, mbona amevaa kofia kubwa hivi?"

Nikamsomea. Haikuwa Karamoja. Ilikuwa nchi ya mbali, tambarare, nyasi mpaka jicho linachoka, na vitabu vyote mle ndani vilikuwa vya habari zake: nani alifika, alilima nini, alikufa kwa baridi gani. Baba hakukata tamaa. "Ni Karamoja ya wazungu," akasema. "Soma."

Ndivyo nilivyoanza kusoma kwa sauti. Nasoma Kiingereza kwa macho, natoa Kiswahili kwa mdomo, wewe umelala juu ya tumbo la Baba, na Baba anakatiza kila mstari. Mbele ya watu sikuwa na lugha, lakini kwenu ninyi wawili nilikuwa na mbili na zilikuwa zinatosha. Tukajua jinsi walivyokata udongo pamoja na mizizi ya nyasi wakaupanga kama matofali wakajenga nyumba, na mvua ikinyesha nyoka wanadondoka kutoka darini. Ulitaka nirudie hapo pa nyoka kila mara. Tukajua upepo usiolala. Na yule mama aliyekaa peke yake, mume ameenda kutafuta kazi, kila asubuhi anatoka nje kutazama mbali kama moshi wa jirani umepanda. Akiuona tu, hata kama hawajaonana tangu mavuno, anarudi ndani anaanza kazi. Ukurasa ule niliupenda, sikukuambia kwa nini. Mimi pia kabla sijaenda popote huwa natazama kama sigiri ya Nnalongo inatoa moshi.

Na unakumbuka pale kitabu kiliposema hao watu waliikuta nchi tupu? Baba alikaa kitako.

"Nani amesema tupu?"

"Kitabu."

"Sisi tulipopelekwa Moroto, huko Karamoja, mkubwa wetu alisema hivyo hivyo. Hapa hakuna mtu, fungeni hema. Tukafunga. Asubuhi kuna mzee amesimama mlangoni, ana fimbo na kigoda chake, anauliza kwa nini tumelala kwenye njia ya ng'ombe zake. Funua mbele, hao watu wapo."

Nikafunua, na wapo. Picha moja tu, watu wamejifunika mablanketi, nyuma yao hema, pembeni yao farasi. Chini ya picha farasi aliandikwa jina. Wao hawakuandikwa. Baba alikichukua kitabu akakiangalia mpaka ukalala. Ukifika huko, mwanangu, ulizia habari zao. Wajukuu wao lazima wapo, labda utakaa nao dawati moja. Wewe unakwenda kama mgeni, na mgeni hapaswi kudhani nyumba ilikuwa tupu kabla hajabisha hodi.

Kamba nayo ilitoka mle mle. Kwenye dhoruba ya theluji mtu alikuwa hawezi kuona mkono wake, akitoka nyumbani kwenda kulisha ng'ombe anapotea uani kwake na kuganda hapo hapo. Kwa hiyo walifunga kamba kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa zizi, mtu anakwenda ameishika na anarudi ameishika. Wewe wakati huo ulikuwa unaogopa choo. Kiko kule nyuma ya migomba, umeme ukikatika ni giza la shimoni, na ulikuwa unaona bora ukojoe kitandani kwangu. Asubuhi moja ukaniuliza, "Mama Zai, na sisi hatuna kamba?"

Nikaomba ya katani kwa mpagazi mmoja wa soko la Kikuubo aliyekuwa akifungia mizigo, nikaiunga vipande, nikafunga upande mmoja kwenye kitasa chetu na upande wa pili kwenye nguzo ya choo. Nnalongo akatoka na ndoo yake akasimama.

"Zaituni, hii kamba ya nini? Na mbuzi yake iko wapi?"

"Hakuna mbuzi, Nnalongo. Ni ya Rama, ya kwenda choo."

"Bambi, masikini. Mutoto munafunga na kamba?"

"Hatumfungi. Anaishika."

Akatikisa kichwa. Siku ya pili nikakuta ameanika kanga zake juu yake, na mpaka leo anasema kamba yake.

Sasa nifike ninapokwepa. Kwenye kitabu cha kijani kuna dada mmoja aliyemlea mdogo wake. Njaa ilipozidi, mjomba akaja kumchukua yule mtoto ampeleke magharibi, dada akabaki. Ulikuwa umeshika mkono wangu wakati nasoma. Ulikuwa umeacha kupumua, kabisa, unangoja. Nami nikaona kwa macho mstari unaofuata, na mdomo ukakataa. Nikakuambia: majira ya baridi yalipoisha, nyasi zilipoanza kuota, dada akapanda treni akamfuata. Ukapumua. Baba akasema, "Afadhali." Tangu hapo umeniomba hadithi hiyo mara nyingi kuliko ile ya nyoka, na kila mara nikaiongezea: leo kapu la mikate, kesho kuku mzima anayechungulia dirishani mwa treni.

Kitabu hakisemi hivyo. Kitabu kinasema alimwandikia kila mwaka na hawakuonana tena. Ni mstari mmoja, hawakuongeza kitu.

Kama ningekuwa nimekudanganya hadithi tu, ningecheka nikaacha. Lakini kuna jingine, na hili si la kitabu.

Baba alipofariki na Shangazi akaja kutoka Kanada, wazee walikaa hapa ndani kwenye mikeka. Ulikuwa umelala mapajani mwangu. Shangazi akasema serikali ya kule inamruhusu kuleta watoto wa marehemu kaka yake, maadamu ni yatima na hawajatimiza miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa bado sijatimiza. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Zaituni, Rama nimeshasema namchukua. Na wewe je? Unataka kuja?"

Nikainamisha kichwa, nikawa nachora juu ya mkeka kwa kidole.

Kwetu, upande wa Baba, msichana akiulizwa jambo kubwa mbele ya wazee akainama akanyamaza, amekubali. Asiyetaka ndiye anayesema. Dada yetu binamu alipochumbiwa alinyamaza hivyo hivyo, na kabla hajainua kichwa vigelegele vilishapigwa. Kwa hiyo mimi nilijibu, Rama. Nilijibu kwa nguvu zangu zote. Niliona hata ami anatabasamu. Shangazi akasema, "Haya, nimekuelewa," akanipapasa bega, nami nililala usiku ule nimeshapanda ndege.

Karatasi zilipokuja zilikuwa na jina moja. Nikasubiri jina langu lije nyuma. Nilisubiri kwa adabu, ndivyo ninavyofanya kila kitu. Siku ya kuzaliwa kwangu ikapita, ukanipikia yai likaungua, na mimi bado nasubiri. Shangazi alipopiga simu kuulizia kipimo cha viatu vyako ndipo nikasema kwa sauti ndogo, "Na vyangu?"

"Vyako vipi, mwanangu?"

"Vya kuja huko."

Upande wake redio iliyokuwa ikiimba ikazimwa.

"Zai, si nilikuuliza? Mbele ya watu. Hukunijibu."

"Nilinyamaza, Shangazi."

"Ndiyo, ulinyamaza." Halafu nikamsikia anavuta pumzi. "Yaa Rabi. Ulinyamaza. Huku, mtu akinyamaza hataki. Nimekaa huku mpaka nimesahau kwetu."

Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa namwambia pole. Amejaribu, usimlaumu. Ameuliza kila mahali anapoweza kuuliza, na jibu ni lile lile: umri wangu umepita. Labda kwa njia nyingine, labda kwa masomo, miaka mingine. Mimi "labda" sitaiweka kwenye begi lako. Nimeshakutilia kuku wa kwenye treni, inatosha.

Nikikaa nawaza hivi: nilisema neno moja pale kaburini, nikakupata bila kujua ninasema nini. Nikanyamaza mara moja kwenye mkeka, huku najua kabisa ninachotaka, na ndiyo maana kesho unaondoka peke yako. Sijui fundisho lake. Sitaki ukawe mtu wa kelele. Ila huko hakuna anayejua maana ya kichwa chako kikiinama. Mimi naijua. Nnalongo anaijua. Huko itabidi uiseme, hata kwa Kiingereza cha kutambaa, hata wakicheka. Nilikulea nikakufundisha kukaa kimya na wageni, nikasifiwa na jirani kwamba mtoto wangu ana adabu. Kama ningeweza kurudisha kitu kimoja, ningerudisha sifa hiyo.

Nasikia sauti ya Nnalongo getini. Naweka kalamu.

*

Nimerudi. Jua limeingia nyuma ya migomba, unaoga, nasikia unaimba.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya kitabu cha kijani, kwenye ule ukurasa, na kitabu nikifiche chini ya nguo, maana Shangazi amesema huko vitabu vimejaa. Ungeusoma ukweli ukiwa mkubwa. Ulipoingia na kile kichwa kipya, masikio yamesimama, ukasema, "Mama Zai, kinyozi amenikata kama askari," nikaona kwamba nimeandika kurasa zote hizi ili ninyamaze tena. Kwa hiyo nikakuketisha juu ya begi, nikakuambia. Kwa mdomo. Ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia, lakini naandika kwa sababu utakapoisoma utakuwa umesahau, au utakumbuka kwamba ulikuwa jasiri kuliko ulivyokuwa.

Uliuliza, "Kwa hiyo na kuku hakuwepo?"

"Hakuwepo."

"Na dada?"

"Alibaki."

Ukainamisha kichwa. Ukaanza kuchora juu ya begi kwa kidole. Nikaogopa, Rama, kwa sababu nilikijua kile kidole.

"Sema," nikakuambia. "Mimi siwezi kukisoma hicho. Sema."

Kidole kikazunguka zipu mara mbili. Kisha ukasema, "Nataka kwenda." Ukapangusa pua kwa shati nililolipiga pasi. "Na sitaki."

"Kipi?"

"Vyote viwili. Si umesema niseme?"

Nikasema ndiyo, umesema vizuri. Ukaniuliza kama nitaifungua ile kamba, maana sasa haina mwenyewe. Nikakuambia Nnalongo ataniua, ni ya kanga zake. Ukacheka kidogo. Ukaniambia kikombe kimoja nikitoe kibaki, na nimekitoa. Cha bluu. Kiko hapa mbele yangu.

Halafu ukatoka kwenda choo. Ni zaidi ya mwaka hujaigusa kamba, unapita chini yake ukikimbia kama mtu mzima, na leo hata giza halijaingia vizuri. Lakini nilikuona mlangoni umesimama, ukanyoosha mkono ukaishika, ukaenda nayo polepole mpaka ukapotea nyuma ya migomba.

Mimi nilibaki hapa. Nikaweka kiganja changu juu ya fundo, hapa kwenye kitasa, na kamba ikawa inavutika kidogo kidogo, inalegea, inavutika tena.

Ni mimi niliyekuita mwanangu, na nimeita,
Zaituni